Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeandika "iniquity"

Mdogo wangu,

Insha yako ya kuombea ufadhili nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe. Umeandika kwamba unataka kusomea afya ya jamii ili upambane na "iniquity" kati ya matajiri na maskini. Ulikusudia "inequity", yaani tofauti isiyo ya haki. Kompyuta haikukustua kwa mstari mwekundu kwa kuwa maneno yote mawili yamo kwenye kamusi. Jina lako nimelificha. Barua nimeiweka wazi kwa sababu kosa hilo hata mimi nimelifanya, tena mbele za watu, nikisoma kwa sauti.

Maneno haya ni ndugu. Yote yana asili ya Kilatini, "aequus", yaani sawa. Ila "iniquity" lilishika njia ya dini: ni uovu, dhambi, na limejaa tele katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Kwa hiyo wewe umeahidi kupambana na dhambi. Kazi njema, lakini hawa wafadhili sidhani kama wanailipia. Ukitamka, "inequity" ni "inekwiti", "iniquity" ni "inikwiti".

Hilo ni dogo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mbele umeweka "inequality" na "inequity" popote ulipojisikia, kana kwamba ni kitu kimoja. Nadhani anayetuponza ni Kiswahili chetu, maana "usawa" tumeubebesha mizigo miwili: kulingana, na kutendewa haki. Waingereza wameigawa. "Inequality" ni tofauti tu, ya kupimwa. Kipimo cha Gini, kilichotokana na kazi ya Mwitaliano Corrado Gini ya mwaka 1912, kitakuonyesha mapato yamegawanyika vipi. Nani kamdhulumu nani, hakisemi. "Inequity" ni shtaka. Mwaka 1990 Margaret Whitehead, mtaalamu wa afya ya jamii, akiiandikia ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, alilifunga kwa masharti: tofauti hiyo iwe si ya lazima, iwe inaepukika, tena iwe si ya haki. Wazee kuugua saratani kuliko vijana ni "inequality". Mama kufa kwa uzazi kwa kukosa nauli ya kumfikisha hospitali, hapo sema "inequity" bila woga.

Na utamu wa neno hili ni kwamba linaweza kukaa hata pale ambapo wote wamepewa sawasawa. Fikiria jengo lenye ngazi tupu. Ngazi ni zilezile kwa kila mtu, hakuna aliyepewa za peke yake, na mwenye kiti cha magurudumu anabaki chini akiwatazama wenzake wakipanda. Huko kulingana kwenyewe ndiko kunakomwonea. Mfano huu ukiutaka, uchukue.

Ukihitaji kivumishi, andika "inequitable". "Iniquitous" kitakurudisha dhambini.

Sasa aya yako ya tatu. Umepanga takwimu za vifo vya watoto, wilaya kwa wilaya, kisha ukaziita "inequities" bila kusema vingeepukika vipi. Ama andika "inequalities", ama ongeza sentensi moja ya sababu. Mimi ningeongeza sentensi. Sababu unaijua kuliko mimi, ulinieleza mwenyewe kwenye simu usiku ule, na ulieleza vizuri kuliko hii insha nzima.

Dada yako