Kaka ananiita mharibu kura mbele ya wakwe

Shikamoo Anti. Saa tisa usiku hii sijapata usingizi, umeme umekatika na upepo wa huku Dodoma unaujua, mabati yanagonga tu, nikaona bora nikuandikie.

Wiki ijayo tuna uchaguzi mdogo wa diwani. Wagombea watatu ila watu wanahesabu wawili. Wa kwanza yule yule wa siku zote, keshamega eneo la wazi kajenga fremu za maduka, watoto wanachezea barabarani. Wa pili ndo wa kaka yangu, na huyo ndo alikuwa kwenye kamati ya urasimishaji wa viwanja akakusanya hela zetu za upimaji, mpaka leo kiwanja changu hakina bikoni hata moja, risiti ninayo, ya kuandikwa kwa mkono, muhuri umeshafifia. Wa tatu mwalimu mstaafu, alinifundisha darasa la nne, hana tisheti hana gari la matangazo, anapita na daftari anaandika kero za watu. Ukimuuliza kirefu cha chama chake anafikiria kwanza, ila angefanyaje na mgombea binafsi kwetu haruhusiwi, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishatoa hukumu 2013 kwenye kesi ya Mtikila kwamba aruhusiwe, na bado.

Sasa kaka kanitukana kwenye kikao cha mahari ya mdogo wetu. Watu wanabishana ng'ombe, yeye anawaambia wageni eti huyu ndo mharibu kura wetu. Wakacheka. Mbele ya wakwe Anti! Sijawahi kuharibu kura mimi, natia tiki moja naikunja natumbukiza.

Yote hayo ni 2015. Nilimpa mama Anna Mghwira, mwanamke pekee kwenye karatasi ya urais. Alipata kura 98,763, haifiki hata asilimia moja, kaka hiyo namba anaijua kwa kichwa kuliko namba za simu za wanae. Yeye alimpa Lowassa wa upinzani, eti ndo afadhali. Haya, afadhali yake 2019 si akarudi CCM? Nikamwambia, akanijibu na wako je, 2017 si alipokea ukuu wa mkoa Kilimanjaro kutoka kwa Magufuli huyo huyo wa CCM aliyewashinda wote. Nikakosa la kusema. Wote watatu marehemu sasa, sisi ndo bado tunagombana.

Hesabu yake naielewa, nisionekane mjinga. Kwetu anayeongoza hata kwa kura moja kapita, hakuna duru ya pili kama urais wa Kenya, kwa hiyo nikimpa mwalimu yule wa fremu anaweza kupenya. Sawa. Ila kwa nini kura yangu ndo imharibie mtu wake, yake isimharibie mwalimu? Na yeye anajua hela yangu ya kiwanja imekwenda wapi, maana aliyeniambia nilipe ni yeye.

Kwa hiyo nimeshaamua, nampa mwalimu, sikuombi ushauri wa hilo. Ingawa juzi nimepita pale kwenye zile fremu, naona anachimba msingi mwingine, nikasema potelea mbali nampa wa kaka.

Shida kaka ndo wakala wao kituoni, na jana kanipigia anataka nimhakikishie, tena niape kwa jina la marehemu mama. Ada ya kijana wangu anasaidia yeye, hajalitaja ila wote tunalijua. Je nikimwambia ndiyo kaka halafu kule ndani nikampa mwalimu, nitakuwa nimemsaliti? Kiapo cha kulazimishwa kina uzito? Au nisiende kabisa niseme niliumwa? Tafadhali usinijibu habari za kura ni siri na haki ya kikatiba, hayo nayajua, nakuuliza habari ya kaka yangu. Mbele ya wakwe Anti, na hajaniomba radhi mpaka leo.

Nijibu kabla ya wiki ijayo, jina langu na kata usiweke, huku tunajuana.