Koklea si kinubi

Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu usikivu imelieleza sikio la ndani kama kinubi: sauti inaingia, uzi unaolingana nayo unatikisika, neva inapeleka habari kwenye ubongo. Maelezo hayo yanalifaa sikio la maiti. Tunaomba nafasi tuyarekebishe, maana walimu na wanafunzi wanaounda modeli ya koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, kwenye kompyuta hukwama papo hapo.

Koklea ya binadamu ina urefu wa milimita 35 hivi, imejiviringisha kama gamba la konokono. Ndani mna maji na utando ambao mwanzoni ni mwembamba na umekakamaa, mwishoni ni mpana na umelegea. Sauti nyembamba hutikisa mwanzo, sauti nzito hutikisa mwisho. Katikati ya utando ni mahali pa sauti ya hezi 1,700 hivi, yaani mitikisiko 1,700 kwa sekunde, wala si 10,000 kama wengi wanavyokisia. Mwanasayansi Georg von Békésy aliliona wimbi likisafiri juu ya utando huo, akatunukiwa Nobel mwaka 1961, lakini alitazama masikio ya maiti, tena kwa sauti kubwa mno ili mwendo uonekane kwa darubini. Kilele alichokiona, yaani mahali wimbi linapotikisa zaidi, kilikuwa butu. Mwanafizikia Thomas Gold alishasema mwaka 1948 kwamba maji yangeuzima mtikisiko upesi kama sikio lenyewe lisingeongeza nguvu, hakusikilizwa. Mwaka 1978 mtafiti David Kemp akanasa kwa maikrofoni sauti zinazotoka sikioni, dalili kwamba Gold alikuwa sahihi.

Kwa anayetaka kuunda modeli, agawe utando vipande 500. Kila kipande kipewe tungamo, msuguano, na ukakamavu unaopungua kuelekea mwisho. Kinachoviunganisha ni shinikizo la maji, kwa hiyo shinikizo la vipande vyote litafutwe kwa mkupuo katika kila hatua ya muda. Hatua 100,000 kwa sekunde zinatosha. Vipande vikiwa vichache, shida hutokea karibu na kilele: hapo wimbi hufupika sana, modeli inashindwa kulifuata, na mwangwi wa bandia unarudi nyuma.

Hadi hapo bado ni sikio la maiti. Uhai unatoka kwenye seli za nywele za nje (seli zenye vinywele zilizo juu ya utando huo), takriban 12,000 katika kila sikio. Hurefuka na kufupika kwa umeme, kwa msaada wa protini iitwayo prestini, na kuusukuma utando kwa wakati wake kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Katika hesabu, hii ni nguvu inayofuta sehemu ya msuguano, nayo lazima ifike kikomo mtikisiko unapokua. Kikomo kikisahauliwa, namba zinapaa hadi programu inakatika. Nguvu ikizidi kidogo tu, kipande huanza kulia chenyewe, na hilo lisiharakishwe kuitwa kosa: masikio mengi mazima hufanya vivyo hivyo.

Kipimo ni rahisi. Ingiza sauti ya masafa mamoja, uipandishe kutoka desibeli 40 hadi 80, usome mtikisiko mahali pa kilele. Mtikisiko ukipanda nao kwa desibeli 40, amplifaya yako, yaani ile nguvu ya seli za nje, haifanyi kazi. Kwa wanyama hai waliopimwa, hupanda kwa takriban 10 tu.

Hapa ndipo makala yenu inapomgusa mgonjwa. Kelele na dawa kama gentamisini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, huanza kuua seli hizo za nje, zile za sauti nyembamba zikitangulia. Mtu hupoteza sauti ndogo, ilhali kubwa zinamfikia kama zamani. Ndiyo maana mzee husema "sikusikii", ukipaza sauti anakwambia "usinipigie kelele". Kifaa kinachokuza kila sauti kwa kiwango kimoja kitamuumiza. Kinachomfaa hukuza sana sauti ndogo na kuziacha kubwa karibu zilivyo. Hata hicho hakirudishi ule ukali wa kutenganisha sauti, kwa hiyo sokoni au harusini bado atahitaji mtu amwelekee uso kwa uso na kusema polepole.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam