Kuhusu zile nguzo zako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Unasema modeli ya kompyuta uliyolitengenezea jengo lako la zamani la zege imesimama imara hata ulipoitikisa kwa tetemeko kali sana. Dada, hilo ndilo linaloninyima raha.

Kwenye modeli hiyo, nguzo zako umeziruhusu zifanye nini? Kama umeziwekea viungo vya kupinda peke yake, yaani sehemu zinazoweza kujikunja tu, zitapinda tu bila kuvunjika, maana hukuzipa namna nyingine ya kufa. Nguzo nyingi za zege za kabla ya miaka ya 1970 hazifi hivyo. Ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo ndefu za nguzo, zimeachana mno, kulabu zake zimekunjwa nyuzi 90 tu, na zege la nje likibanduka zinafunguka. Hapo ufa wa mshazari huipasua nguzo.

Itazame hospitali ya Olive View katika tetemeko la San Fernando, California, Februari 1971. Nguzo nyingi za chini zilizungushiwa nondo mfululizo kama springi: zilielemea upande vibaya sana, lakini ziliendelea kubeba jengo. Zile za kwenye pembe, zenye ringi za kawaida, zilisagika. Jengo lile lile!

Kwa hiyo usiishie kwenye ufa. Nguzo iliyopasuka bado inaweza kubeba uzito kwa muda, kwa msuguano wa nyuso za ufa ukisaidiwa na ringi zilizobaki. Watafiti Elwood na Moehle walilieleza hili vizuri: mzigo ukizidi na ringi zikiwa chache, nguzo huachia uzito wake ikiwa imesogea upande kidogo tu. OpenSees, ile programu ya kuiga majengo kwenye tetemeko, inakuruhusu kuweka springi ya kuiga nguzo inavyopasuka kimshazari (mkato), na nyingine ya kuiga inavyoachia uzito, kwenye nguzo ile ile. Ziweke zote mbili, kisha ufuatilie mzigo wa nguzo iliyoachia unahamia nguzo ipi.

Kabla ya kuiamini modeli, ijaribu kwa ile hoteli ya ghorofa saba ya Van Nuys, huko huko California. Ilijengwa 1966, na tetemeko la Northridge la 1994 likapasua vibaya nguzo zake za ghorofa za kati, lakini haikuanguka. Ilikuwa na vifaa vya kurekodi mtikisiko, kwa hiyo una cha kulinganisha. Modeli nzuri itaonyesha nyufa zile, na itaonyesha jengo limesimama.

Nakusisitizia hivi kwa sababu kuna watu wanaolala katika jengo lako, na kuna atakayeamua kuliimarisha au kuliacha kwa kutazama michoro yako. Nitumie vipimo vya ringi na urefu wa nondo zinapopishana chini ya nguzo. Maungio ya boriti na nguzo tutayachambua barua ijayo, maana nahofia hayana ringi kabisa.

Wako,
Salim