Mionzi Imeshalipiwa, Dawa za Nini Tena?

Wiki iliyopita, hapa tunapouza dawa za saratani, binti wa mgonjwa wetu alituwekea risiti mezani. "Baba ameshalipia mionzi. Hizi dawa za nini? Si mnatuibia tu?" Swali hili tunaulizwa kila mara, na linatuuma.

Kwa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mionzi ya muda mrefu kabla ya upasuaji hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au zaidi kidogo. Dawa tunayoongeza, 5-FU ya dripu au vidonge vya kapesitabini, huifanya seli ya saratani ishindwe kujikarabati ikishapigwa na mionzi. Mwaka 2006 majaribio mawili makubwa ya Ulaya yalitoa majibu yanayokaribiana: waliopata mionzi peke yake, saratani iliwarudia nyongani takriban 17 kati ya 100 ndani ya miaka mitano, waliochanganyiwa na dawa, 8 hadi 10. Hatufichi kwamba idadi ya waliobaki hai haikutofautiana. Ila aliyemuuguza mtu mwenye saratani iliyorudi nyongani anajua uzito wa tofauti hiyo.

Wala si kila mtu anahitaji dawa hizi. Wapo wanaofaa mionzi ya siku tano tu, na hao tumewarudisha kwa daktari wao bila kuwauzia hata kidonge kimoja.

Kinachotusikitisha ni kubana matumizi. Mama mmoja aliruka vipimo vya damu vya kila wiki ili aokoe fedha, akaficha pia kwamba anaharisha. Akalazwa, mionzi ikasimama, na bili ya wodi ikapita mbali ile ya vipimo alivyovikwepa. Bei yetu ina vipimo hivyo ndani yake, pamoja na dozi inayopigwa hesabu kwa urefu na uzito wa mgonjwa mwenyewe, na muuguzi anayepiga simu kuuliza kama dawa inamletea madhara: choo kikoje na viganja vinawaka au la.

Tulimwomba yule binti alete vidonge vya baba yake tuvihesabu. Vilibaki karibu nusu. Mzee alikuwa anameza cha asubuhi tu, cha jioni anaweka akiba, kwa sababu damu ilishakoma kutoka chooni akaona amepona. Tukamsihi asimeze viwili viwili kufidia, tukampigia daktari wake wa mionzi palepale.