Rehema, njoo Dodoma na kazi yako uliyoifanya

Rehema shosti yangu,

Habari za Songea? Mama mguu unaendeleaje? Mpe pole mwambie namuombea, na watoto wa dada wasalimie wote.

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, ile ya kulia huku unacheka, nikaona nikikujibu kwa voisi tutaishia kwenye umbea tu bora niandike uisome taratibu jioni ukishafunga duka. Kwanza hongera. Umepita mchujo wa ile kazi ya serikali ya ununuzi na ugavi mama, umeitwa usaili wa ana kwa ana huku Dodoma, we unajua watu wangapi wameishia pale? Alafu unaniambia hujiamini unaogopa kukaa mbele ya wale watu wakuulize maswali. Sasa mi ntakwambia vitu ambavyo ningekuwa we ningevifanya wiki hii, na hapo sizungumzii kusimama kwenye kioo kujisemesha.

Anza na vyeti, tena leo. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, soma lile tangazo la kuitwa kwenye usaili mstari kwa mstari, wanataka vyeti halisi, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, pamoja na kitambulisho. Statement of results hawapokei, provisional, yale matokeo ya muda, hawapokei. Na lile jina lako lililoandikwa Lehema kwenye cheti kimoja ndo linanitia wasiwasi kuliko maswali yenyewe, kama hujafanya deed poll, ile hati ya kisheria ya kuweka jina sawa, nenda kwa wakili kesho asubuhi uulize maana usajili wake unachukua muda, usisubiri uje uambiwe mlangoni. Na karatasi za usajili wa PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, weka humohumo kwenye faili. Ukishavipanga vyote ukaviona kwa macho utalala vizuri, mi nakujua we ukiwa na kitu hakijakaa sawa huwezi hata kula.

Kingine, yale madesa yetu ya chuo yafunge kabisa usije nayo. Yanaongelea Sheria ya Ununuzi ya mwaka 2011 na TANePS, ule mfumo wa zamani wa zabuni mtandaoni, wakati sa hivi ni Sheria Namba 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za 2024, na zabuni zinapita mfumo mpya wa NeST. Ukikaa pale ukataja TANePS kama bado inatumika watajua hujagusa kitu tangu umalize. Pakua sheria yenyewe kwenye tovuti ya PPRA, ile mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, usihangaike kukariri vifungu vyote, shika nani anafanya nini: afisa masuuli yaani mkuu wa taasisi, bodi ya zabuni, kitengo cha ununuzi, idara inayohitaji kitu, kamati ya tathmini, na kwa nini hawa kila mmoja anafanya yake bila kuingiliwa na mwenzake. Shika na njia ya malalamiko, mzabuni asiporidhika anaanzia kwa afisa masuuli ndo baadae anaenda PPAA, ile mamlaka ya rufani za zabuni. Na ile asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, hiyo wanaipenda kweli kuuliza.

Sasa nije kwenye kitu kilichoniudhi kwenye voisi yako. Eti "mi sina uzoefu nimejitolea tu stoo ya hospitali na sa hivi nauza hadwea kwa mjomba". Rehema!! Stoo ya hospitali ndo ugavi wenyewe huo. We si ndo uliniambia mlikuta dawa zinakaribia kuisha muda ziko nyuma ya shelfu na mpya ndo zinatolewa, ukakaa na mfamasia mkapanga upya kila box tarehe ikae mbele, inayoisha mapema itoke mapema? Wenye digrii kama yetu watakuja pale wamekariri maana ya FEFO, ndo hiyohiyo ya inayoisha mapema itoke mapema, we umeifanya kwa mikono yako. Hapo hadwea napo, kila mwezi unahesabu misumari na saruji unalinganisha na leja, ikipungua unatafuta imepotelea wapi, unajua mabati yakipanda bei kwa nani utapata nafuu na nani anachelewesha mzigo. Chukua daftari andika matukio kama manne hivi: kulikuwa na shida gani, ulifanya nini we mwenyewe, ikaishaje. Alafu msimulie mjomba kwa sauti, akikukatisha akuulize "kwa nini" mjibu, maana hata wale watakukatisha.

Wakisema jieleze kwa ufupi usianze na mi ni mtoto wa tatu kwetu Peramiho, tunakupenda ila hawajauliza hilo. Jina, umesoma nini, umefanya wapi kazi gani, kwa nini hii nafasi, dakika mbili tu umemaliza, alafu unanyamaza.

Na lazima litakuja swali la bosi anakupigia simu zabuni apewe shemeji yake. Wengi hapo wanapaniki wanajibu ntampeleka TAKUKURU, sawa ni ushujaa ila inaonekana hujawahi kukaa ofisini. We eleza kwa utulivu kwamba zabuni iko kwenye mfumo na tathmini inafanywa na kamati, ntamkumbusha utaratibu na mgongano wa maslahi, ntaweka kwa maandishi, ikiendelea ndo napeleka kwenye vyombo husika. Usichokijua sema sikijui ila ningeanza kutafuta kwenye kanuni, usitunge, wale wanasikia mtu akitunga kabla hata hajamaliza sentensi.

Habari za koneksheni unazoambiwa hapo kijiweni ziache hukohuko. Sisemi mengi, ila mi nilipita mlango huohuo na simjui mtu, na we unajua kwetu hakuna hata diwani.

Nguo vaa ile suti yako ya bluu inakutosha, usinunue mpya. Viatu visivyouma, maana usaili uko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na ni kikubwa mno, ukimwambia bodaboda UDOM tu anaweza kukushusha ndaki nyingine kabisa ukatembea juani, kwa hiyo jengo uliloandikiwa lisome vizuri tutaenda kuliangalia jana yake. Wanakwambia utajigharamia kila kitu, usafiri, chakula na malazi, malazi na chakula futa, unalala kwangu. We panda basi linalopita Iringa na Mtera ushuke stendi ya Nanenane, hata ikifika usiku wa manane nakuja kukuchukua, nitumie tu jina la basi ukishakata tiketi.

Na ukipata mtu anatoka Mbamba Bay niletee dagaa wa Nyasa, wa kukaanga na nyanya, hapa wanauza ila sio wale.

Wako,
Zai