Mchwa Wamenizidi Kusoma

Dar es Salaam
14 Julai

Shoga yangu,

Za huko Tanga? Wanao hawajambo? Mimi mzima, ila kiuno kinaniuma, na kiuno hicho ndicho kilichoniandikisha barua hii.

Unalikumbuka lile kabati langu la vitabu, ulilokuwa ukiniuliza kama nafungua maktaba? Mwezi uliopita nililisogeza ili fundi apake rangi ukuta. Nyuma yake nikakuta njia za udongo zimepanda toka sakafuni hadi rafu ya pili. Nikavuta kitabu cha kwanza: jalada zima, linang'aa, ndani hamna kitu. Cha pili vilevile. Mchwa hapendi mwanga, basi hula kwa ndani akakuachia sura ya nje, nawe unapita hapo kila siku ukijiona msomi. Nilihesabu 31. Fundi akatikisa kichwa, akasema kazi ile si ya wiki mbili, ni ya miezi. Miezi yote hiyo, shoga, sikugusa hata kimoja!

Nililia? Wapi! Nilicheka, kisha nikaona haya. Maana Mei tu nilikuwa Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya njia, nikabeba vinne kwa kuwa ni bei poa. Viwili nilikuwa navyo tayari nyumbani.

Basi nikajiwekea sheria: kitabu ambacho mchwa anaweza kukila miezi mitatu mimi sina habari, si changu. Vizima nikawarudishia walewale wauzaji. Riwaya wakachukua, vya shule vya mtaala wa zamani wakavisukuma pembeni, "Hivi havitoki, dada." Kamusi ya Kiswahili Sanifu nilikuwa nazo mbili, ya 1981 na ya 2004. Ya 2004 nimempa mtoto wa jirani, yuko kidato cha tatu. Ya 1981 haina hata jalada, lakini ndiyo mkono wangu unayoikimbilia. Vilivyoliwa nusu alivichukua mama muuza karanga wa hapa kona.

Sasa sikia. Juzi nimenunua karanga za shilingi 200, kufungua karatasi, ukurasa ni wangu! Nikausoma wote palepale nimesimama. Kitabu hicho nilikaa nacho miaka 11 sijakifunua. Mwanamke yuko gatini, anangoja boti, mvua imeanza, na ukurasa ukaishia hapo. Nikamrudia mama kumuuliza kama anao unaofuata. Alishamfungia mtu mwingine.

Kimoja kimenishinda: kijitabu cha baba cha kampeni ya Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, wakati ule watu walipokusanyika kwenye redio kujifunza habari za vyoo na malaria. Baba aliongoza kikundi kijijini kwetu, na majina ya waliokosa kuja ameyaandika kwa penseli nyuma. Kwa sheria yangu kingetoka, maana nacho sijakifungua tangu tumzike. Kimeliwa pembe moja. Nimekitia kwenye bati la biskuti, na hilo bati usinijadilie.

Khanga tusiziseme. Nina doti 14 hazijapindwa hata upindo mmoja. Najua utasema khanga hazikuliwa na mchwa. Haya, lakini mwaka huu sinunui.

Kesho napeleka kifurushi Mbezi, kwenye basi la Tanga. Nitakupigia nikishajua namba ya gari. Ndani mna kitabu chako ulichoniazima 2009. Kizima, kilikuwa rafu ya juu. Usinishukuru, nimekisoma nusu tu, na hiyo nusu nimeimaliza wiki hii baada ya kuona aibu.

Ukija Agosti usiniletee kitabu, nakuomba. Niletee machungwa ya Muheza, yale yenye ganda la kijani, nusu gunia kama utaweza kuyabeba.

Mimi shogayo