Wasimamizi wa PostgreSQL (programu ya hifadhidata): kagueni sloti na pg_hba.conf wiki hii

Habari zenu wanakikundi. Tuanze na diski, maana ndiyo inayotuangusha zaidi. Folda ya pg_wal (inayotunza WAL, yaani kumbukumbu za mabadiliko ya data) ikijaa, seva inasimama. Mara nyingi chanzo ni repliki (seva ya nakala) iliyozimwa zamani huku sloti yake (alama ya pale repliki ilipofikia kusoma kumbukumbu hizo) ikiachwa. Seva kuu inaendelea kuitunzia kumbukumbu bila kikomo. Angalieni:

SELECT slot_name, active, restart_lsn FROM pg_replication_slots;

Sloti yenye active = f (haitumiki sasa) na isiyo na mwenyewe, iondoeni kwa pg_drop_replication_slot('jina'). Kisha wekeni max_slot_wal_keep_size (kikomo cha kumbukumbu zinazotunzwa kwa ajili ya sloti), tuseme 20GB kulingana na diski yenu (toleo la 13 kwenda juu). Isipoguswa huwa -1, yaani hakuna kikomo. Na jamani, msifute faili za pg_wal kwa mkono hata diski ikifika asilimia 100! Seva huenda isiwake tena.

Kwenye pg_hba.conf (faili la kanuni za nani aingie na vipi) ondoeni mistari ya trust (inayoruhusu kuingia bila nenosiri), wekeni scram-sha-256 (njia salama ya kuhakiki nenosiri). Kabla ya hapo badilisheni password_encryption iwe scram-sha-256 pia, kisha kila mtumiaji awekewe nenosiri upya. Lililohifadhiwa kwa md5 (njia ya zamani) litakataliwa. Programu ikiwa mashine hiyohiyo, listen_addresses (anwani ambazo seva inapokea miunganisho) ibaki localhost, yaani mashine hiyo tu. Programu isiingie kama postgres (mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote).

Bekapu: pg_dump -Fc kila usiku, inakiliwe nje ya seva, na mara moja kwa mwezi irejesheni kwa pg_restore kwenye mashine ya majaribio.

Tumeni hapa majibu ya hiyo SELECT kabla ya Ijumaa jioni. Majina ya seva yaficheni kwanza.